Makosa ya Lionel

Kisangani, Kabondo, tarehe 23 mwezi wa pili 2025

Tonton Apollinaire mpendwa,

Amani iwe pale nyumbani, kwako, kwa mama Florentine na kwa mwanenu Lionel. Sisi tuko wazima. Mama anakusalimia, wewe kaka yake, na anakuita Paluku, jina analolitumia akiwa na wasiwasi juu yako. Tangu Goma ilipochukuliwa vitani mwezi uliopita anashinda na redio mapajani. Juzi alisahau pondu, majani yetu ya muhogo, motoni, tukala imeungua. Hapa pia hatujakaa kwa utulivu. Mwanzoni mwa mwezi watu wa upande wa uwanja wa ndege walikimbilia kwa ndugu zao mjini kwa sababu ya milio ya silaha. Sasa wengi wamerudi, na wale wa toleka wanaobeba abiria wanapiga kengele za baiskeli zao barabarani kama zamani.

Barua hii anakuletea papa Cyprien, mfanyabiashara wa maharage kutoka Butembo, anayepita Uganda ili aingie kwenu. Kwenye simu tunasema tu "tuko salama" na kukata, kwa kuwa wewe mwenyewe ulituonya kwamba simu zinafunguliwa na kusomwa barabarani. Donc, ndiyo maana naandika.

Tonton, wewe ulinifundisha informatique bila kompyuta. Ulichora clavier, vibonye vyote vya herufi, kwa chaki juu ya ubao wa darasa lako, na sisi tukaandika kwa vidole juu ya madawati. Leo mimi ni mwalimu wa informatique hapa Kabondo, na mwaka huu tumepata kompyuta chache za mkononi na modem moja. Tunatumia plateforme ya mtandaoni. Mwanafunzi anaandika mistari ya programu upande mmoja wa kioo, na upande wa pili mashine inamjibu palepale: kijani kama ni sawa, nyekundu kama amekosea, na inamwonyesha mstari wenye kosa. Hangoji nipite na kalamu. Na mimi kwenye kioo changu naona kazi ya kila mmoja pamoja na majaribio yake yote, hata yale ya makosa aliyokwisha kuyarekebisha.

Nimesikia masomo huko yamesimama. Lionel yuko mwaka wa mwisho, anangoja Examen d'État, mtihani wa taifa. Nilimwuliza préfet wetu, mkuu wa shule, papa Édouard, kama mtoto wa Goma anaweza kufuata somo langu kutoka mbali. Alifikiri kidogo, akasema: "Mutoto wa vita ni mutoto wetu. Muandike." Basi nimemfungulia Lionel nafasi. Jina la kuingilia na neno la siri viko kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha hii. Mwambie Yaya wake, yaani mimi dada yake mkubwa, anamngoja, na asiogope nyekundu.

Mtoto wako,
Kavugho Prudence


Goma, tarehe 30 mwezi wa tatu 2025

Prudence, binti yangu,

Barua yako ilifika ikiwa na harufu ya maharage, nasi tuliisoma mara nyingi. Mwambie mama yako apunguze redio. Sisi tunapumua. Mama Florentine bado analalamika mgongo. Haendi tena sokoni, majirani wanamletea ndizi za makemba na mboga ya sombe. Benki zimefungwa, shule yangu imefungwa, na mimi ninalima bustani ndogo nyuma ya nyumba. Nimegundua kwamba kabichi haimsikilizi mwalimu.

Cyprien alikaa nasi muda mfupi tu, hakutaka kupumzika. Huku watu wanaoingia na kutoka wanaangaliwa.

Asante kwa nafasi ya Lionel. Ameanza. Kompyuta yangu ya zamani bado inawaka na connexion ya mtandao inapatikana asubuhi. Plateforme ni kitu kizuri. Ningekuwa nayo wakati ule, nisingemaliza chaki ya shule nzima. Anaona kwamba sauti ya mashine, kama naweza kuiita sauti, haina hasira. Ukikosea inakwambia umekosea, ukijaribu tena inakupokea tena.

Lionel anakusalimia. Alikuwa na mafua.

Usipige simu kumwuliza habari za masomo. Kazi yake utaiona kwenye kioo, inatosha.

Tonton wako,
Apollinaire


Kisangani, tarehe 11 mwezi wa tano 2025

Tonton mpendwa,

Tunamshukuru Mungu, tumeamka. Mama amepata homa ikapita. Mto Tshopo umejaa, na umeme unakuja na kuondoka upendavyo wenyewe, hivyo tunajaza betri za kompyuta kila unaporudi. Pole kwa mgongo wa mama Florentine. Ninamtumia dawa ya kupaka kwa mkono wa Cyprien.

Nikueleze jinsi Lionel alivyo darasani kwetu bila kuwa hapa. Kwenye plateforme kuna ukurasa unaoonyesha nani amefika zoezi gani. Wanafunzi wangu wanakaa wanne wanne mbele ya kompyuta moja, wanagombania clavier, na kila somo wanaangalia kwanza ukurasa ule. Yuko msichana mmoja, Bénie, bado hajafika mwaka wa mwisho, ulimi wake hautulii. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye boucle, ile sehemu ambapo mashine inarudia kazi mpaka uiambie isimame. Niliwapa programu ya kuhesabu magunia yanayoshushwa kutoka kwenye baleinière, zile mashua kubwa za mtoni. Ya Bénie ilihesabu bila kusimama, kioo kikajaa namba.

"Madame, magunia yangu haiishe!"

"Umeiambia isimame wapi?"

"Nilifikiri itachoka."

Darasa lilicheka. Halafu akafungua ukurasa wa majina, akapiga meza kwa kiganja. "Lionel wa Goma amemaliza! Mutu iko kwenye vita na anatupita? Basi leo hatutoke humu." Kweli hawakutoka. Walikaa mpaka modem ikakata, na nilikuwa na furaha kama siku niliyopata diplôme yangu.

Lakini tonton, nina jambo dogo. Nilimwandikia Lionel neno chini ya kazi yake: "Umefanya vizuri, uko sawa huko?" Alijibu: "Ndiyo, madame." Lionel hajawahi kuniita madame. Tangu likizo ile aliyokaa kwetu, ananiita Yaya, hata mbele ya wageni. Labda anafuata desturi ya darasa. Hata hivyo ningefurahi kupata mistari miwili ya mwandiko wake katika barua yako ijayo.

Papa Édouard anataka kujua cote ya Lionel, alama zake za mwaka. Anasema mtoto akiwa na cote yetu kwenye bulletin, ile ripoti ya shule, jina lake linaweza kupelekwa pamoja na ya wale watakaofanya Examen d'État hapa. Mbaki na amani.

Prudence wenu


Goma, tarehe 15 mwezi wa sita 2025

Prudence,

Salamu nyingi kwa dada yangu, na pole kwa homa. Dawa ya kupaka ilifika. Florentine anasema inachoma, kwa hiyo inafanya kazi. Mvua zimeisha mapema. Kabichi zangu zimeliwa na wadudu, nimepanda vitunguu. Jirani yetu wa upande wa juu amehama na familia yake, hakuaga. Paka wake amebaki na sasa analala mlangoni kwetu.

Nimefurahi kusikia habari za yule Bénie. Mwanafunzi anayedhani mashine itachoka ni mwanafunzi wa kweli. Mwache akosee. Usimpe jibu haraka.

Kuhusu cote, ninakuomba uiweke. Kazi umeiona kwa macho yako, zoezi kwa zoezi. Mwalimu akipata kazi nzuri haulizi kwa nini ni nzuri. Mwaka ukipotea kwa kijana wa umri huu, haurudi. Wewe unajua wangapi wameacha kalamu kwa sababu waliona aibu ya kukaa na wadogo zao. Sitaki hilo limpate mtoto wangu. Sijawahi kukuomba kitu tangu uwe mwalimu. Weka cote, Prudence.

Florentine anakusalimia. Wote tunakusalimia.

Apollinaire


Kisangani, tarehe 6 mwezi wa saba 2025

Tonton,

Nakusalimia kwa heshima ile ile ya siku zote. Mama ni mzima. Sikumsomea barua yako ya mwisho, wala sitamsomea hii.

Umejibu habari za kabichi, za paka na za dawa. Mwandiko wa Lionel haumo.

Nilikwambia kwamba plateforme inanionyesha majaribio yote. Niliirudia kazi ya Lionel tangu mwanzo. Zoezi la kwanza, jaribio moja, kijani. La pili, jaribio moja, kijani. Lionel ninayemjua haandiki hivyo. Siku ile alipokuwa hapa nilimpa kompyuta yangu, na kabla sijamaliza kueleza alikuwa amekwishakosea mara nne na kucheka mara nne. Huyu wa sasa anafungua zoezi, ananyamaza muda mrefu, kisha anaandika mara moja na kumaliza.

Baada ya mimi kuuliza juu ya "madame", makosa yakaanza kuingia. Niliyasoma hayo pia. Tonton, mtoto anakosea kwa sababu anakimbia: anasahau alama, anaandika jina la kitu kwa namna mbili tofauti. Haya yalikuwa makosa yaliyopangwa, moja kwa kila zoezi, kila moja likionyesha hatari fulani ya somo, na jaribio linalofuata likilirekebisha bila kugusa kitu kingine. Ni makosa ambayo mwalimu anayaandika ubaoni ili darasa liyatafute. Mimi nilikuwa kwenye darasa hilo.

Jana papa Édouard aliniita. Bulletin zilikuwa mezani kwake.

"Madame Prudence, hapa kwa Lionel iko wazi. Andika, tumalize."

"Siwezi, papa."

"Kazi haikufanyika?"

"Ilifanyika. Sijui kama ni yeye aliyeifanya."

Alivua miwani. "Vita inaendelea, na wewe unashikilia hilo?"

Nilimwambia kwamba siku nitakapoandika cote ya mtu ambaye sijui yuko wapi, cote ya Bénie pia itakuwa karatasi tu. Alisukuma bulletin pembeni, ikabaki bila namba. Haikuwa rahisi, kwa sababu ni wewe uliyeniomba, na wewe ndiye uliyelipa masomo yangu baba alipofariki.

Sina hasira. Nina swali moja tu. Lionel yuko wapi?

Prudence


Goma, tarehe 24 mwezi wa nane 2025

Prudence, binti yangu,

Leo sina habari za bustani.

Barua yako ilikaa kwenye mfuko wa koti langu tangu Cyprien aliponipa. Florentine aliikuta alipotaka kufua koti. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia, akasema: "Mwambie. Nimechoka kuwa peke yangu na jambo hili nawe uko karibu yangu."

Mwezi wa pili, maji yalikuwa yamekatika mjini. Vijana wote wa mtaa walikuwa wanashuka ziwani na bidon za maji. Lionel alienda asubuhi pamoja na wenzake. Mtoto wa jirani alirudi anakimbia, akasema camion imesimama njiani na vijana wanapandishwa. Nilikimbia na viatu vya nyumbani. Walikuwa watu wenye silaha. Sitaandika ni akina nani, karatasi hii ina safari ndefu. Lionel alikuwa tayari juu, amekaa katikati ya wengine, bado ameshika kifuniko cha bidon yake.

Nilimwendea yule aliyeonekana mkubwa wao. Nilisema: "Huyu ni mwanafunzi, mwachieni."

Akaniuliza: "Anasoma nini?"

Nikajibu: "Informatique."

Akasema: "Vizuri. Hao pia tunawahitaji."

Prudence, tangu siku hiyo neno hilo halijaniacha. Ningeweza kusema anasoma ushonaji. Ningeweza kusema ni mgonjwa. Nilijibu kama baba anayejivuna. Camion iliondoka. Lionel hakupiga kelele. Aliniangalia tu, nami nilimpungia mkono, sijui kwa nini, kama mtu anayesindikiza msafiri.

Barua yako ya kwanza ilitukuta katika hali hiyo. Florentine alisoma kile kikaratasi chenye jina lake na neno la siri. Akasema: "Mfungulie. Akirudi asikute darasa limemwacha nyuma." Nilifungua. Nilitaka kuingia tu na kutoka, ili nafasi isifungwe. Lakini zoezi lilikuwa pale, na nyumba ilikuwa kimya, na kwa muda ule nilioandika mistari ile nilikuwa na kitu cha kumfanyia. Kanisani siku ya sikukuu, mzazi anaweka kitabu chake cha nyimbo kwenye kiti cha mtoto aliyechelewa. Mimi nilikuwa nafanya hivyo. Kisha nikaanza kutaka apate cote nzuri. Hapo nilipotea njia.

Tumeuliza kila mahali tunapoweza kuuliza bila kuleta hatari nyingine. Hatujui yuko hai au la. Nimeiandika sentensi hiyo kwa mara ya kwanza.

Umefanya vizuri kutoandika cote. Imeniuma, na umefanya vizuri. Mama yako sasa unaweza kumwambia.

Apollinaire


Kisangani, tarehe 21 mwezi wa tisa 2025

Tonton wangu, mama Florentine wangu,

Nilimsomea mama barua yenu. Alizima redio, akaingia chumbani, na tangu siku ile anaenda misa ya kila asubuhi. Anasema msimtumie maneno ya kumfariji, mngoje tu pamoja naye. Na mimi sina maneno ya kufariji. Wale watu walikuja na camion ili kuijaza, tonton. Ungesema ushonaji, wangesema wanahitaji mavazi.

Mwaka mpya wa shule umeanza. Nilipofungua plateforme darasani, Bénie alitafuta jina la Lionel akakuta halijasogea.

"Madame, wa Goma amesimama. Anaumwa?"

Nilifikiri nitasema uongo mdogo, lakini sikuweza. Niliwaambia kwamba Lionel alichukuliwa na watu wenye silaha kabla ya kuandika hata mstari mmoja, na kwamba hatujui yuko wapi. Hapa kila nyumba ina mtu wake aliyepotea katika vita hii au katika ile ya zamani, kwa hiyo hawakushangaa. Mwishowe Bénie akauliza polepole:

"Sasa mwaka mzima tulikuwa tunashindana na nani?"

"Na mwalimu wangu," nikamwambia.

Alifikiri. "Ndiyo maana hatukumushinda. Anaweza kutusaidia sasa?"

Hilo ndilo ombi langu. Darasa langu limejaa kupita kiasi na siwezi kusoma kazi zote. Mashine inawaambia wapi wamekosea, lakini haiwezi kuwaambia kwa nini walifikiri hivyo. Papa Édouard amekubali nikufungulie nafasi nyingine, kwa jina lako halisi, ya mwalimu. Utaona majaribio yao nawe utawaandikia chini. Mshahara haupo. Ukikataa nitaelewa.

Nafasi ya Lionel sijaifunga. Iko vile vile, na haina cote.

Prudence wenu


Goma, tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 2025

Prudence,

Jana ilikuwa sikukuu ya Watakatifu wote, na leo ni ya marehemu. Watu wamekwenda makaburini na maua. Mimi na Florentine tumebaki nyumbani. Hatukujua tuwe upande gani wa siku hizi mbili.

Nimeanza kazi yako. Yule Bénie anaandika majina ya vyakula katika programu zake zote. Juzi amejumlisha lituma, ndizi zile za kusaga, na samaki, na mashine ikakataa kwa sababu moja ni namba na nyingine ni neno. Nilimwuliza chini ya kazi yake: "Ulitaka kupata nini?" Alijibu: "Kushiba, maître." Nilicheka kwa sauti. Florentine alikuja mbio kutoka jikoni kuangalia kuna nini, akanikuta nacheka, akakaa chini kwenye kiti na yeye akacheka, kisha akalia.

Asubuhi ninaamka nikijua kuna watoto wanaongoja kusomwa. Nilikuwa nimesahau hali hiyo.

Kuhusu yule mwingine, hakuna habari.

Apollinaire


Kisangani, tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 2025

Tonton, mama Florentine,

Siku ile nilipowapigia simu nilisema tu: "Mgeni wetu amefika, amekula." Mlielewa. Nilimsikia mama Florentine, halafu simu ikakatika, labda ni vizuri kwamba ilikatika. Sasa ninaandika yale ambayo simu haikuweza kubeba.

Lionel alifika asubuhi ya jumapili, mama akiwa anatoka misa. Alikuwa amekaa juu ya ngazi ya mlango wetu, amevaa koti la mtu mkubwa kuliko yeye. Mama alimpita, akadhani ni mtu anayeomba. Akasikia nyuma yake: "Shangazi, ni mimi." Aliangusha kitabu cha sala.

Yote hajasema, nami simlazimishi. Najua kwamba kulikuwa na vurugu mahali walipokuwa, wengine wakakimbia, naye akakimbia nao. Alivuka Uganda. Akaingia tena kupitia mpaka wa Kasindi, na watu wa Butembo, wafanyabiashara, wakampakia juu ya camion yao mpaka hapa bila kumwuliza maswali. Kurudi Goma hakuthubutu. Ana kovu begani, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena. Anakula vizuri. Mlango ukipigwa anasimama.

Tonton, hili nililiuliza kwa ajili yako, mara moja tu. Nilimwuliza kama walimtumia kwa kompyuta. Akasema: "Hapana, Yaya. Nilibeba masanduku kama wote. Hakuna aliyejua nasoma nini." Neno lile ulilomjibu yule mkubwa halikufika popote. Tafadhali liache sasa.

Simu nilimpa siku ya pili ili azungumze nanyi. Aliishika, akaiangalia, akanirudishia. "Sauti yangu haijarudi bado," akasema. Msimlaumu.

Wiki hii alinifuata shuleni. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Bénie alimwona, akaniangalia, akaelewa. Alimsogezea kompyuta tu. Lionel aliona jina lake kwenye ukurasa, na mbele yake kijani tupu.

"Yaya, hii si mimi."

"Najua."

"Ni nani?"

"Ni papa yako. Alikuwa anakushikia nafasi."

Alifungua kazi ya kwanza, akasoma. Akafungua ya pili. Alizisoma zote mpaka wenzake wakatoka na mimi nikawa nafunga madirisha. Alipofika kwenye zile zenye makosa, aligusa kioo kwa kidole. "Hapa papa alikosea kwa kusudi. Alijaribu kuwa mimi." Aliinamisha kichwa juu ya meza, na nilikaa karibu naye mpaka mlinzi wa shule akaja na funguo.

Kesho yake aliniambia: "Futa zote, Yaya. Nataka kuanza na ya kwanza." Nilimwambia atakuwa darasa moja na wadogo zake. Akasema huko alikotoka hakukuwa na mkubwa wala mdogo.

Sikuzifuta. Ni kazi ya mikono yako, tonton, na zilikulinda miezi ile. Ninangoja neno lako.

Prudence


Goma, tarehe 11 mwezi wa kwanza 2026

Prudence, binti yangu,

Mwaka mpya uwakute wazima, wewe, dada yangu na mtoto wetu. Florentine anatuma kitenge kwa mama yako na sweta kwa Lionel, ingawa nimemwambia Kisangani hakuna baridi. Anasema mtu aliyetoka mbali anasikia baridi popote. Kuja huko hatuwezi kwa sasa. Njia si ya watu wa umri wetu, na mgongo wake hauwezi camion. Mkae naye.

Barua yako ilipofika tuliisoma pamoja. Sikutaka wewe ndiye uzifute. Neno la siri bado ninalo. Nilifungua na kuzifuta mwenyewe, moja baada ya nyingine, Florentine akiwa ameketi pembeni yangu. Nilidhani nitaumia. Nilipomaliza ukurasa ulikuwa mweupe na jina lake lilikuwa limebaki juu. Neno la siri nimelichana. Mpe jipya, nami nisilijue.

Jambo moja. Kazi zake usinipangie mimi kuzisahihisha. Msahihishe wewe, kama wengine. Siku akitaka nizione ataniambia.

Nilikuwa nataka kufunga barua hapa, lakini Cyprien alichelewa kuondoka, na leo asubuhi nilipofungua kazi za wanafunzi wako, ukurasa wa majina ulitokea kwanza, kama kawaida yake. Naona mliuona ukurasa mtupu na hamkungoja barua hii: jina la Lionel halikuwa jeupe tena. Zoezi la kwanza: nyekundu. Jaribio la pili, nyekundu. La tatu, nyekundu. Yote matatu yalifuatana haraka haraka, hakungoja hata kusoma mashine inasema nini.

Florentine alikuwa nyuma yangu na sahani mkononi.

"Hii nyekundu ni kusema nini?" akauliza.

"Ni kusema amekosea."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Aliweka sahani chini, akavuta kiti, akakaa mbele ya kioo. Hajasoma hata mstari mmoja wa programu maishani mwake. Aliiangalia ile nyekundu mpaka chai yangu ikapoa, na nilipotaka kufungua ukurasa mwingine alinishika mkono.

"Iache kwanza," akasema. "Mutoto iko."

Apollinaire